Jembe la Mama Mvua

Nyumbani, 3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Kabla ya yote niambie kama unakula. Mara ya mwisho ulipokuja ulikuwa umebaki shingo na miwani, na mimi nikanyamaza kwa sababu ulikuwa na haraka ya kuondoka. Mimi mzima. Goti linalalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Mbuzi amezaa, jiko limeezekwa upya, na jirani wa chini anakusalimu sana. Nimemwambia siwezi kuandika salamu zake zote, karatasi zitaniishia.

Sasa sikiliza vituko. Tangu uajiriwe kwenye hiyo ofisi ya hali ya hewa, jina langu limepotea. Naitwa Mama Mvua. Nikienda kusaga, mwenye mashine ananiuliza mbele za watu binti anasemaje. Nikianua nguo mapema, jirani wa chini anazikimbilia za kwake, hata kama mimi nimeanua kwa sababu zimekauka. Juzi nilitoa jembe nje ili fundi baiskeli anikazie mpini, nikaona watu wamesimama njiani wananong'ona. Nikawaambia, mpini umelegea tu jamani, nendeni zenu. Nacheka, lakini sikufichi, heshima hii naipenda. Baba yako angekuwepo angesema kichwa kimenivimba.

Anayeniuliza kwa adabu kuliko wote ni Bwana Miti, yule wa idara ya misitu anayetunza kitalu karibu na chemchemi. Unakumbuka kilima kilichoungua, kile kilicho juu ya chemchemi yenyewe. Tangu moto ule kimebaki kipara, na maji yanapungua mpaka tunachota kwa zamu. Bwana Miti ameotesha miche ya kukivika kilima hicho. Anaifunika nyasi, anaizungumzisha, anaikemea ikiinama. Anasema akiitoa kitaluni kabla ya mvua itamfia, na akichelewa mizizi itajikunja ndani ya viriba, vile vifuko vya miche.

Kwa hiyo niambie mimi tu, mvua lini? Simu uliyoninunulia ipo na inaimba vizuri, lakini nikisema haloo tu majirani wote wameshafika uani. Wewe andika. Dereva wa lori la mbao ataniletea, amesema barua zako hazimzidishii mzigo.

Nakupenda,
Mama


Mjini, 12 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Ninakula, naapa. Barua yako niliisoma ofisini wakati wa chai nikacheka peke yangu, mpaka Mzee wa Ramani akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Huyo ni mwenzangu wa meza ya dirishani, anachora ramani za mvua tangu enzi za penseli. Hongera kwa mbuzi. Goti lipake ile dawa niliyokuachia, najua hujaifungua.

Jambo jingine kabla sijasahau. Mwandiko wako umekuwa mkubwa kama bango la dukani. Unaandikia wapi siku hizi, mgongoni mwa mbuzi?

Kuhusu mvua, mama, siwezi kukuambia wewe tu. Hapa tunakaa chumba kimoja, na wiki iliyopita tulibishana mchana kutwa juu ya neno moja, kama tuandike "huenda" au "inatarajiwa". Tulibishana kwa sababu tunajua kuna mtu atatoa mbegu ndani kwa ajili ya neno hilo. Nikianza kumnong'oneza mama yangu, kesho mwenzangu atamnong'oneza shemeji yake, na mwisho hakuna atakayeiamini karatasi yetu. Kila mtu aipate siku moja, kwa maneno yale yale. Hiyo ndiyo kazi yangu na ninaipenda.

Taarifa ya msimu imetoka. Nimekuwekea nakala mbili humu, moja yako, nyingine uibandike kwa mwenye mashine. Bwana Miti atapelekewa yake na idara. Kuna ukurasa wa wakulima na ukurasa wa misitu. Ule wa wakulima nimeuandika mimi, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, ingawa jina langu halimo. Usome taratibu, halafu uwasomee wenzako. Yaliyomo sitayarudia hapa, nisije nikayatia chumvi.

Binti yako


Nyumbani, 1 Machi

Mwanangu,

Nimepata, na huku ni salama tupu. Goti nimelipaka dawa yako, sasa nanuka kama gereji. Kuhusu mwandiko, naandika makubwa kwa ajili yako, maana kati yetu sisi wawili mwenye miwani ni wewe.

Karatasi nimeibandika mwenyewe kwa mwenye mashine, kwa uji wa unga, mahali ambapo kila anayesubiri zamu ataiona. Nikasema kwa sauti, hii imeandikwa na binti yangu. Watu wakaitikia kwa vichwa, na mimi nikajifanya nakung'uta unga kwenye kanga ili wasinione ninavyotabasamu.

Na mvua imekuja. Ilinyesha jioni, ikapiga bati kwa nguvu, asubuhi udongo ukawa unanukia. Nikatoa jembe nikapanda shamba lote la chini, mahindi na maharage. Nilikuwa na haraka zangu, usiniulize. Nilipoinua kichwa kupumua, mteremko mzima umejaa watu na majembe. Jirani wa chini yuko shambani, fundi baiskeli yuko shambani, mwenye mashine amefunga mashine, naye yupo shambani. Bwana Miti alikuwa anapandisha miche kilimani kwa toroli, jasho linamtiririka. Nikasema moyoni, kumbe karatasi ya mwanangu imefanya kazi. Roho yangu ilisuuzika, siwezi kukueleza. Nilitamani baba yako aone.

Nina safari fupi, kwa hiyo nitakuwa kimya kidogo. Usihangaike.

Mama


Mjini, 8 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, leo siulizi habari za mbuzi wala goti.

Karatasi ilisema msipande. Ukurasa wa wakulima, mwanzoni kabisa, unasema mvua ya kwanza itadanganya. Itanyesha mara moja au mbili, halafu kutakuwa na jua kali kwa wiki kadhaa, na mvua yenyewe itachelewa. Unasema msubiri mpaka udongo uwe umelowa ndani, ukichimba kishimo ukazamisha mkono unyevu ufike kiwikoni. Na ukurasa wa misitu unasema miche ibaki kitaluni, kivulini. Niliandika kwa lugha ambayo nilidhani hata mbuzi wako angeielewa.

Leo nimetazama picha za mawingu mara ngapi sijui, na hakuna wingu la maana linalokuja kwenu. Kama kuna mtu amebakiza mbegu, azifungie ndani. Kama Bwana Miti anaweza kurudisha miche kivulini, airudishe leo hii.

Niambie ukweli, uliisoma? Uliibandika ukajisifu, sawa, lakini uliisoma? Mabwana shamba wameshaleta habari kwamba huko mmepanda wote, na mkuu wangu anajua ninakotoka. Ataniuliza kwa nini watu wa kwa mama yangu wamefanya kinyume na taarifa niliyoiandika mimi, na mimi nitamjibu nini? Umenitia aibu, mama. Nimejifungia chooni ofisini nikalia, na unajua mimi si mtu wa kulia.

Binti yako


Mjini, 2 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza haikuitikiwa.

Nimepiga simu, inaita mpaka inachoka. Mara moja aliipokea jirani wa chini, akasema umesafiri. Nilipomuuliza wapi, akasema mtandao unakatika, na mtandao haukuwa unakatika. Dereva wa mbao naye anasema mlango wako umefungwa, na mbuzi na mtoto wake wako kwa Bwana Miti. Sijui niwaze nini. Usiku nikifumba macho naona mlango umefungwa.

Kama ni neno lile nililoliandika mwishoni, nalirudisha. Nilipokuwa mdogo nikavunja mtungi pale chemchemini, ule uliokuwa wa bibi, uliwaambia watu kwamba mtungi wenyewe ulishachoka. Hukunitazama hata kwa jicho baya. Mimi nimeshindwa kukufanyia hivyo mara moja tu katika maisha yangu.

Mkuu wangu aliniuliza kweli. Nikasema sijui. Hakugomba. Alisema anataka kuelewa, kwa sababu kama watu walisoma wakaelewa na bado wakapanda, basi kuna kitu sisi huku hatukijui. Mzee wa Ramani anasema niombe likizo nije. Sasa hivi siwezi, tunatoa taarifa kila baada ya siku chache na tumepungukiwa watu, lakini mwanzoni mwa Mei nakuja hata usiponijibu. Nijibu lakini.

Binti yako


Nyumbani, 10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na ya pili pia marahaba. Mwandiko huu si wangu, ni wa Bwana Miti. Yeye amekaa kwenye kigoda mlangoni, mimi niko ndani kwenye kivuli kwa sababu mwanga unaniumiza. Nimemwambia aandike ninachosema bila kupamba. (Sipambi, binti. Ila mama yako anaongea mbio. Bwana Miti.)

Nilikuwa hospitali. Nimetolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na la kushoto litafuata. Lilitakiwa litolewe mapema Machi, lakini walipima presha wakanirudisha foleni, wakanipima wakanirudisha tena, nikawa nalala kwa binamu ya baba yako mpaka ikashuka. Simu nilimwachia jirani wa chini, nikamwapisha asikuambie. Ndiyo sababu ya mwandiko ule mkubwa. Barua zako nilikuwa nazisoma juani, neno moja moja, kwa sababu unaandika kwa wino mzito. Karatasi ile iliyochapwa kwangu ilikuwa ukungu mtupu. Niliona ni karatasi, basi, nikaibandika. Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja, na kwa sababu nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa sipendi kutazamwa.

Daktari alishaniambia nikitoka huko sitainama kwa muda mrefu, sitashika jembe, sitakaribia vumbi. Siku zilikuwa zimekaribia. Mvua ile ilipopiga bati nikasema Mungu amenihurumia, nipande kabla sijaondoka. Hiyo ndiyo haraka niliyokuambia usiniulize. Mimi sikupanda kwa ajili ya mvua, nilipanda kwa ajili ya jicho.

Na wao wakapanda kwa ajili yangu. Nilidhani wamesoma karatasi, kumbe wao walitazama jembe. Nimerudi nimekuta mahindi yalichomoza yakaungua yote, yangu na yao. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningejua la kujibu. Wananisalimu vizuri, wananiuliza hali ya jicho, lakini hakuna tena anayeniita Mama Mvua. Fundi baiskeli peke yake ndiye aliyenipa makavu. Alisimama hapo mlangoni akasema, "Tulikufuata wewe." Hakuongeza neno, akaenda zake. Nilimshukuru moyoni.

Barua yako ya Machi nilisomewa na Bwana Miti. Alipofika mwishoni akaruka. Nilisikia amevuta pumzi, nikamwambia rudi nyuma, akarudi, akasoma. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Sikukasirika, mwanangu. Nilikuwa nakubali.

(Hapa naomba niandike yangu, mama yako anatafuta leso. Usimlaumu. Mimi macho yangu ni mazima. Taarifa yenu niliibandika kwenye kibanda cha kitalu, nikiinua kichwa naiona. Nilisoma ukurasa wa misitu, nikaelewa, nikakubaliana nao kila neno. Kisha nikamwona mama yako na jembe. Nikajisemea, binti hawezi kumwacha mama yake apotee, lazima amemwambia kitu ambacho sisi wengine hatukuandikiwa. Nikatoa miche. Karibu yote imekufa kilimani. Imebaki ile ambayo toroli halikuwahi kuifikia, nimeifunika nyasi nzito.)

Sasa tatizo ni hili. Kuna watu wamebakiza mbegu, si wote, lakini wapo. Wanasema hawatasikiliza tena karatasi wala mtu. Lakini mimi nikiwa nimelala hapa, kila asubuhi nasikia nyayo zikifika mbele ya ua wangu zinapunguza mwendo. Bado wanaangalia kama jembe limetoka. Na mimi siruhusiwi kulishika. Mvua yenyewe ikija watakaa wananisubiri mpaka ipite, na mwaka huu hapa hakuna atakayevuna. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si jicho. Niambie nifanye nini. Safari hii niambie.

Mama yako, kwa mkono wa Bwana Miti


Mjini, 15 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Kama Bwana Miti ndiye anayesoma, shikamoo na kwake. Kama unasoma mwenyewe, basi ona, nimeandika kwa kalamu ya bango, neno moja linachukua nusu ya mstari. Mzee wa Ramani anasema nimemaliza wino wa idara nzima.

Nilipofika pale uliposema ulikuwa unakubali, niliacha barua mezani nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nyuma na mfagizi akanipisha bila kuuliza. Mama, usikubali. Lile neno halikuwa lako. Niliona mwandiko wako unakua, nikafanya mzaha na mbuzi, mimi ambaye kazi yangu ni kutazama dalili. Na sentensi moja ningeweza kukuandikia, maana taarifa ilikuwa imeshatoka, haikuwa siri tena. Niliogopa kuonekana nampendelea mama yangu. Nikakutumia herufi ndogo kama mchanga nikaona nimetenda haki.

Mkuu wangu nimemweleza yote. Ruhusa sikukuomba, naiomba sasa. Aligeukia ubao tunaoandikia maneno tunayobishania, akasema, "Sisi tunagombania huenda, kumbe wenzetu wanasoma jembe." Taarifa ya leo imechapwa kwa herufi kubwa, na itasomwa redioni asubuhi na jioni. Ukurasa wa wakulima utasomwa na mimi. Nimejaribu sauti, wamesema naongea kama mtu anayegombeza, nikawaambia nimerithi.

Umeniuliza ufanye nini. Ninachokuambia ndicho kilicho kwenye taarifa, hakuna neno la pembeni, na ningependa Bwana Miti alisikie hilo vizuri. Sijawahi kumwambia mama yangu kitu ambacho sikumwambia yeye. Mvua yenyewe inatarajiwa kabla mwezi huu haujaisha. Nimesema inatarajiwa, sikusema huenda. Haitakaa muda mrefu, kwa hiyo wapande kunde na mahindi ya muda mfupi, na miche iliyobaki itoke wakati huo huo. Wasipime kwa bati. Kila mtu achimbe kishimo shambani kwake, azamishe mkono wake mwenyewe, na unyevu ukifika kiwikoni asimngoje mtu yeyote.

Na wewe usiguse jembe. Hata mvua ikinyesha juu ya miguu yako, usiliguse. Sijui utawafanyaje wasikutazame, hilo ofisi yetu haina chombo cha kulipima. Nakuachia wewe.

Nisamehe.

Binti yako


Nyumbani, 30 Aprili

Mwanangu,

Umekula? Mimi nimekula na nimelala. Tazama mwandiko huu, ni wa kwangu, na ona ulivyo mdogo. Dereva wa mbao amezima lori anasubiri nimalize, na amesema nisimwandike vibaya. Nilikusamehe hata kabla ya kuombwa, basi tusilirudie.

Karatasi zako za bango nilizipeleka kwa mwenye mashine siku ambayo watu wamejaa. Akazima mashine ili nisikike. Nikasoma mwenyewe, polepole, kwa jicho hili moja, mpaka mwisho. Walisikiliza kwa heshima, lakini niliona wanangoja jambo. Fundi baiskeli ndiye aliyelisema. Akaniuliza, "Na wewe unapanda lini?"

Nikamwambia, "Mimi sipandi."

Nikawaeleza habari ya jicho yote, ukungu, hospitali, na kwa nini nilikimbilia shamba siku ile. Niliwaambia siku ile sikujua lolote kuhusu mvua kumzidi mbuzi wangu. Jirani wa chini akafunika mdomo, akakumbuka nguo alizokuwa anaanua bure, akaanza kucheka, na wengine wakamfuata. Nilicheka nao, lakini niliona bado. Mtu anaweza kucheka na kesho akapita mbele ya ua wako akapunguza mwendo.

Basi nikarudi nyumbani nikachukua jembe langu, nikalishika kwa upande wa chuma bila kuinama, daktari asinigombeze. Nikampelekea fundi baiskeli kibandani kwake, pale jirani na mashine, mbele yao. Nikamwambia atoe mpini. Akaniangalia, akaelewa. Akaugonga mpaka ukatoka, chuma akakitundika kwenye msumari kati ya matairi, mpini akauweka darini. Nikawaambia, sasa hakuna jembe la kutazama.

Mvua ilikuja jioni. Ilipiga bati sana, na mimi nimekaa kitandani, nikawaza watatoka asubuhi kama mwezi wa pili. Hawakutoka. Ikanyesha tena, na tena. Halafu asubuhi moja nikafungua mlango nikaona kitu ambacho natamani ungekiona. Watu wazima wamelala kifudifudi mashambani, mkono umezama ardhini mpaka begani, kama waliopoteza pete. Jirani wa chini anapaza sauti kwamba kwake kiwiko tayari. Fundi baiskeli anamjibu kwamba kwake bado, yuko upande wa mawe. Na kweli yule akapanda siku ile, na huyu akasubiri, kila mtu kwa mkono wake. Huko juu Bwana Miti alikuwa kilimani naye kalala chini, nguo ya idara imejaa matope. Miche yake iliyobaki haitoshi kilima, kwa hiyo ameipanda kuzunguka chemchemi tu, na viriba vipya ameshajaza udongo. Hakupita kwangu kuuliza. Alipita kumchukua mbuzi akamlishe majani, akaniamkia, akaenda zake.

Nilikaa mlangoni siku hiyo nzima. Shamba langu ndilo pekee lililobaki tupu katika mteremko wote, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kulitazama. Niliona migongo tu, mwanangu, migongo mitupu mpaka kule juu. Nililia, ingawa jicho limekatazwa kulia. Kidogo nilisikia upweke, sikufichi, maana heshima ile nilikuwa nimeizoea. Halafu nikasikia sauti yako kutoka redio ya jirani, unagombeza kama mimi, nikajua hakuna kilichopotea.

Usihangaike na chakula changu. Jirani wa chini amesema mwaka huu nitavuna kwake, na ameanza kunifundisha wapi pa kuchuma kama vile mimi mgeni hapa.

Njoo mwanzoni mwa Mei kama ulivyosema, usiahirishe. Kuna jambo sikukuandikia. Nilipokuandikia kwamba ulikuwa umebaki shingo na miwani, nilikuwa nakisia. Siku ile ulisimama hapo mlangoni, mwanga uko nyuma yako, na hicho ndicho nilichokiona, umbo la shingo na kitu kinachong'aa machoni. Uso wako sikuuona. Uliniaga nikaitikia, ukaondoka, na sikuuona.

Njoo mchana.

Mama